Usambara kwa Mwanga Usioonekana: Kumbukumbu za Safari ya Picha za Infraredi

Jumatatu, Dar es Salaam hadi Lushoto

Tuliondoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, mimi na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anasomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lengo la safari lilikuwa moja: kupiga picha za mandhari ya Milima ya Usambara Magharibi kwa mwanga wa infraredi, yaani ule ulio ng'ambo ya wekundu ambao jicho la binadamu haliuoni, mimi nikitumia filamu na yeye akitumia kamera ya dijitali iliyobadilishwa kwa kazi hiyo. Tulichagua mwisho wa Februari kwa makusudi. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajaanza, nyanda za chini zimekauka na milima bado ina kijani, na tofauti hiyo baina ya jani bichi na jani kavu ndiyo inayoibeba picha ya infraredi.

Filamu za aina hii huathiriwa na joto kuliko filamu za kawaida, na njia ya Chalinze, Segera na Korogwe mwezi wa Februari haina huruma. Nilizifunga katika mfuko wa nailoni na kuziweka ndani ya kikasha cha baridi pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa, kikasha nikakipakata mwenyewe badala ya kukiacha buti. Tulipofika Mombo saa saba mchana barafu ilikuwa imeyeyuka, ila maji yalikuwa bado ya baridi. Tulipanda Coaster ya kwenda Lushoto, barabara ikaanza kupanda kwa kona baada ya kona kando ya bonde la mto, na kabla ya kufika Soni hewa ilikwisha kubadilika.

Kamera yangu ni Nikon FM2, ya zamani, ambayo shata yake huendeshwa na springi na gia bila kutegemea betri. Kuna sababu ya kuichagua. Baadhi ya kamera za filamu za kielektroniki huhesabu picha kwa taa ndogo ya infraredi inayomulika matundu ya pembeni mwa filamu. Kwa filamu ya kawaida taa hiyo haina madhara yoyote, lakini filamu inayohisi infraredi huungua ukingoni. Filamu yenyewe ni Rollei Infrared 400, ambayo huhisi mwanga wenye mawimbi ya urefu hadi kiasi cha nanomita 820. Jicho letu huishia karibu na nanomita 700, kwa hiyo tuna ukanda mwembamba tu wa kufanyia kazi. Waliotutangulia walikuwa na Kodak HIE, iliyofika karibu na nanomita 900 na ambayo haikuwa na lile tabaka la kuzuia mwanga usirudi kutoka mgongoni mwa filamu, ndiyo maana sehemu zake nyeupe zilizungukwa na mng'ao laini uliopendwa na wengi. Kodak walitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2007. Mng'ao ule hatutaupata tena, na sioni haja ya kuuigiza kwa kompyuta.

Usiku, katika nyumba ya wageni, niliingiza filamu ya kwanza. Taa ilizimwa, pazia likafungwa, na kazi nikaifanya chini ya blanketi kwa vidole tu. Filamu hii imetengenezwa juu ya plastiki angavu, na mwanga ukigusa ule ulimi unaochungulia nje ya mkebe husafiri ndani ya plastiki yenyewe hadi kwenye mizunguko ya ndani, ukaharibu picha za mwanzo kabla hazijapigwa. Mpwa wangu aliniuliza gizani kama kivuli cha mti kisingetosha. Kwa filamu hii kivuli kizito kinaweza kutosha. Mimi napenda giza, kwa sababu filamu ikiisha madukani haipatikani kwa kutembea mtaa wa pili.

Jumanne, Irente

Kutoka mjini Lushoto hadi mwamba wa Irente ni mwendo wa miguu unaopita katika mashamba ya kabichi, maharage na mahindi, chini ya migrivea iliyopandwa kandokando ya matuta. Tulianza saa moja asubuhi na kufika mapema, jua likiwa bado mgongoni mwetu. Mtu akisimama Irente hutazama upande wa machweo: mlima unakatika ghafla chini ya miguu yake, na mamia ya mita chini kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya Arusha, kisha uwanda uliokauka unaokwenda hadi macho yanapochoka. Asubuhi ile uwanda wote ulikuwa umefunikwa na utusitusi wa buluu. Mpiga picha wa kawaida angefunga begi lake. Sisi tulifungua yetu.

Kazi ya filamu huenda kwa utaratibu ambao hauharakishwi. Kichujio cha R72, kinachozuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 720, ni kioo cheusi. Ukikifunga kwenye lenzi huoni kitu kwenye kiangalizi, lile dirisha dogo la kutazamia. Kwa hiyo kamera huwekwa kwanza kwenye tripodi, picha ikapangwa na kufokasiwa bila kichujio, ndipo fokasi isogezwe. Infraredi haikusanyiki mahali pale pale ambapo mwanga unaoonekana hukusanyika; hukutana nyuma kidogo zaidi. Watengenezaji wa lenzi za zamani walilijua hilo, wakaweka nukta ndogo au mstari mwekundu pembeni mwa alama ya kawaida. Nilisoma umbali uliojitokeza kwenye alama ya kawaida, nikauhamishia kwenye nukta nyekundu, ndipo nikafunga kichujio. Kwenye lenzi yangu ya milimita 28 mruko huo ni mdogo kuliko upana wa punje ya mchele, lakini ukiuacha, majani ya mbali hupoteza ukali wake.

Kuhusu kipimo cha mwanga, mita ya kamera haisaidii moja kwa moja, kwa sababu inapima mwanga unaoonekana, wakati kiasi cha infraredi hubadilika kwa saa, kwa mawingu na kwa unyevu wa hewa. Filamu hii imeandikwa ISO 400, kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga, lakini nyuma ya R72 huwa na tabia ya filamu ya ISO 12 au 6, yaani hupungukiwa na hatua tano au sita, kila hatua ikiwa ni nusu ya mwanga. Nilipima mandhari bila kichujio, nikahesabu, kisha kila mandhari nikaipiga mara tatu kwa tundu la lenzi la f/11: sehemu moja ya 15 ya sekunde, moja ya nane na robo. Tundu dogo zaidi ya hapo silipendi. Mawimbi ya infraredi ni marefu, na lenzi ikibanwa mno picha huanza kulegea.

Mpwa wangu, kwa upande wake, alikuwa ameshapiga, ameshaangalia na ameshasahihisha. Kihisi cha kamera ya dijitali kimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni kwa asili yake huhisi mwanga hadi karibu nanomita 1100. Kinachoizuia kamera ya kawaida isione infraredi ni kipande cha kioo kinachowekwa mbele ya kihisi na mtengenezaji ili rangi za picha zisiharibike. Kubadilisha kamera maana yake ni kuifungua, kukiondoa kioo hicho na kuweka kingine mahali pake. Chake ni cha nanomita 720, sawa na kichujio changu. Kwa kuwa kioo kiko ndani, kiangalizi chake hakizibwi, naye anaweza kushika kamera mkononi na kupiga kwa mwendo wa kawaida wa shata. Na kwa kuwa kamera yake haina kioo cha kuakisi ndani na hufokasi kwa kihisi chenyewe, hana haja ya nukta nyekundu.

Hata hivyo lenzi ilimsumbua. Alikuwa na zumu moja ambayo kwa picha za kawaida haina lawama, lakini kwa infraredi iliacha doa la mwanga mviringo katikati ya kila picha, na kadiri alivyobana tundu ndivyo doa lilivyozidi kukaza. Tabaka zinazopakwa kwenye vioo vya lenzi zimekusudiwa kuzuia mwakisiko wa mwanga unaoonekana. Infraredi huruka huku na huko ndani ya lenzi hiyo hiyo na kujikusanya katikati. Dawa ni kubadilisha lenzi. Alirudi kwenye lenzi yake ya milimita 35 na doa likatoweka.

Alinionyesha kwenye skrini mteremko ulio upande wetu wa kusini: migomba, migrivea na vichaka vyote vimekuwa vyeupe, mwamba umebaki wa kijivu kizito, na ule uwanda uliofichwa na utusitusi umefunguka hadi kwenye vilima ambavyo kwa macho tulikuwa tukivikisia tu. Nilimtaka anieleze kwa lugha ya darasani kwao, akaeleza vizuri kuliko vitabu nilivyosoma. Klorofili hula mwanga wa buluu na mwekundu na kuuacha kidogo wa kijani, ndiyo maana jani ni la kijani. Ukivuka nanomita 700 klorofili haina tena hamu na mwanga huo. Unaingia ndani ya jani, unakutana na seli zilizoachana nafasi na zenye hewa katikati, unagongagonga humo na karibu nusu yake kurudi nje. Mruko huo, kutoka jani linalokula mwanga hadi jani linaloutema, hutokea katika upana mdogo sana wa mawimbi, na ndio ambao setilaiti za Landsat zimekuwa zikiutumia tangu mwaka 1972 kupima hali ya mimea duniani. "Mjomba, picha yako moja ni sawa na kipande cha ramani yetu," aliniambia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita infraredi pambo. Weupe wa migomba ile si rangi iliyotiwa na mpiga picha. Ni taarifa kwamba jani lile liko hai na muundo wake wa ndani haujaharibika. Majani makavu ya uwandani yalitoka ya kijivu, udongo mwekundu wa njia ukatoka wa kijivu cha wastani, na mkonge kule chini, ulio bichi mwaka mzima, ukachorwa kwa mistari myeupe inayohesabika.

Mtu wa kwanza kutangaza picha za namna hii alikuwa Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, mwaka 1910. Hadi leo weupe huo wa majani huitwa athari ya Wood. Mionzi yenyewe ilikuwa imegunduliwa miaka mia moja na kidogo kabla yake, mwaka 1800, wakati William Herschel alipoweka kipimajoto ng'ambo ya wekundu wa mwanga uliopasuliwa na prizma, akakuta joto linapanda mahali ambapo jicho halioni chochote. Kutokana na habari hiyo wengi hudhani tunapiga picha za joto. Sivyo. Joto la mwili wa mtu au la jiko huonekana kwa mawimbi marefu zaidi mara kadhaa, yanayohitaji kamera za aina nyingine kabisa. Sisi tunapiga mwanga wa jua uliorudishwa na vitu.

Tulikaa Irente hadi saa saba mchana, na hapa nataka kusema jambo kwa wapiga picha wa ukanda wetu. Tumefundishwa kwamba jua la mchana ni adui wa mandhari, kwamba kazi hufanywa alfajiri na jioni. Kwa infraredi jua kali la saa tano ni rafiki: lina mwanga mwingi, majani hung'aa, na kwa kuwa anga hutawanya infraredi kidogo mno, mbingu yenyewe hugeuka nyeusi nyuma ya mawingu. Mwanga wa nanomita 400 hutawanywa na hewa safi mara 16 zaidi ya ule wa nanomita 800. Hiyo ndiyo siri ya mbingu nyeusi, na ndiyo siri ya utusitusi kufunguka. Nchi zilizo karibu na ikweta zina saa nyingi za jua hilo ambazo tunazitupa kila siku.

Jumatano, Magamba

Ukungu. Ulishuka usiku na haukuondoka hadi saa nane. Tulipanda hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba tukitumaini kwamba juu kutakuwa kweupe, tukakuta miti ya mikulo na mipodo imesimama ndani ya weupe kama wa maziwa.

Watu husema infraredi hupenya ukungu. Haipenyi, angalau si hii yetu. Utusitusi wa Irente ulitokana na hewa yenyewe na chembe ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, na hizo huutawanya mwanga wa buluu kuliko mwingine. Ukungu ni matone ya maji yaliyo makubwa kuliko mawimbi yote tunayoyatumia, nayo hutawanya kila rangi kwa usawa, infraredi ikiwamo. Ndiyo sababu mawingu hubaki meupe katika picha zetu. Mpwa wangu alipiga picha kadhaa za kuthibitisha. Mimi sikufunua lenzi. Tulitembea njia ya msituni kwa saa mbili, akinionyesha kuvumwani kwenye magogo na mche mchanga wa mkulo, kisha tukarudi kula ugali na maharage mjini.

Alhamisi, Shume na barabara ya Mtae

Tulikodi gari kwenda Mtae, na dereva, mtu wa huko huko, alikubali kusimama kila tulipomwomba, jambo ambalo katika safari ya picha lina thamani kuliko mwendo. Njia hupita Magamba, ikaingia kwenye mashamba ya misonobari ya Shume, kisha ikafuata migongo ya milima yenye mashamba ya viazi na njegere.

Shume ilinipa picha niliyokuwa nikiitafuta tangu siku nyingi. Mahali pamoja, upande wa kushoto wa barabara kuna misonobari iliyopandwa kwa safu, na upande wa kulia kuna mikaratusi. Kwa macho, na hata kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, pande zote mbili zina uzito unaokaribiana. Kwa infraredi zinaachana. Majani ya msonobari ni kama sindano, yana kivuli kingi baina yao na hurudisha mwanga kidogo zaidi. Mikaratusi yenye majani mapana ikawaka. Wakati wa vita vikuu vya pili wataalamu wa picha za angani walitumia tabia hii kutofautisha miti hai na matawi yaliyokatwa au nguo zilizopakwa rangi ya kijani kuficha silaha. Wataalamu wa misitu nao walirithi mbinu hiyo kwa ajili ya kutambua aina za miti, na hata filamu ninayotumia inatokana na familia ya filamu za angani za Agfa wa Ubelgiji.

Upepo ulikuwa mkali, na kwa robo ya sekunde majani ya mikaratusi hayatulii. Nilisubiri. Upepo wa mlimani huja kwa mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi kuna pumzi fupi. Mkono ulikaa kwenye waya wa shata na jicho kwenye ncha ya tawi moja nililolichagua, na tawi lilipotulia nilibonyeza. Dereva alishuka, akatazama kazi hiyo kwa muda, akasema, "Mzee, hii ni kama kuvua samaki." Nilikubaliana naye.

Tulifika Mtae jioni. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na kutoka barabarani unaweza kutazama mteremko upande huu na mwingine upande ule bila kuhama.

Ijumaa, Mtae

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa nje. Upande wa kaskazini uwanda wa Mkomazi ulikuwa mtulivu chini yetu, na ng'ambo yake Milima ya Upare ilionekana kwa safu, kila safu ikififia kuliko iliyoitangulia. Wenyeji wanasema siku ikiwa njema Kilimanjaro huonekana. Haikuonekana kwa macho, na niseme wazi kwamba haikuonekana kwa infraredi pia. Mawingu yalikuwa yamekaa upande ule, na mawingu hayapenyeki. Lakini Upare ulikuja karibu. Katika picha ya mpwa wangu mabonde yaliyokuwa kivuli kimoja cha buluu yalitengana, na mikunjo ya miamba ikawa na kingo. Kati ya filamu yote niliyobeba, sehemu kubwa niliitumia hapa, nikihama kutoka lenzi ya milimita 28 kwenda ya 85 na kurudi, kadiri jua lilivyopanda.

Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani alisimama kutusalimu. Tulimwamkia, akauliza tunapima nini, kwa maana tripodi mlimani humaanisha wapima ardhi, na wapima ardhi humaanisha maswali. Nilimweleza kwamba hatupimi chochote, ni picha tu. Mpwa wangu alimwomba ruhusa, akampiga picha akiwa amesimama mbele ya migomba, kisha akamwonyesha. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi la zamani la kitambaa cha viwandani. Kwenye skrini koti lile lilikuwa limepauka hadi kuwa la kijivu cheupe, wakati mpini wa jembe na udongo wa viatu vilibaki kama tulivyovijua.

"Binti yangu, hili ni koti langu?"

"Ndilo, babu. Rangi iliyotiwa kwenye kitambaa ni nyeusi kwa macho yetu tu. Mwanga huu unaipita."

Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akatazama koti, akatazama mkono wake, kisha akaitazama migomba iliyokuwa myeupe nyuma yake. Akauliza kama ile iliyokuwa na ugonjwa nayo ilikuwa nyeupe. Hilo ni swali la mtafiti. Tulikwenda naye hadi kwenye mgomba aliousema, uliokuwa na majani yaliyokauka nusu, mpwa wangu akaupiga picha pamoja na mgomba mzima uliokuwa kando yake. Sehemu zilizokauka zilitoka za kijivu na sehemu bichi nyeupe. Jani moja lilikuwa na mpaka uliopinda kati ya hali mbili, nao ulionekana kwa uwazi kuliko tulivyouona kwa macho, kwa sababu mbele ya macho umanjano ulikuwa ukiyeyuka taratibu ndani ya ukijani.

Jioni tuligombana kidogo, kwa amani, kuhusu rangi. Picha ya kamera iliyobadilishwa hutoka nyekundu tupu. Mpwa wangu huanza kwa kuiambia kamera kwamba nyasi ndizo nyeupe, wekundu ukashuka, mbingu ikawa ya hudhurungi na majani yenye ubaridi kidogo. Kisha kwenye kompyuta hubadilishana chaneli nyekundu na ya buluu, mbingu ikarudi kuwa ya buluu huku majani yakibaki meupe au ya dhahabu hafifu. Watu hupenda picha hizo, naye huzitengeneza kwa ustadi. Mimi naona kwamba rangi zile huvuta jicho kwenye ajabu na kuliondoa kwenye jani. Aliponiwekea picha moja ya Irente mtandaoni mwaka jana, watu wengi waliuliza kama Lushoto huanguka theluji. Picha ya infraredi inayosambazwa bila neno "infraredi" chini yake ni taarifa iliyokatwa nusu.

Lakini sikatai rangi kwa jumla. Alinikumbusha kazi ya Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland aliyekwenda Kivu, mashariki ya Kongo, akiwa na Kodak Aerochrome, filamu ya rangi ya infraredi iliyokuwa ya kijeshi na ya upimaji, ambayo hugeuza majani mabichi kuwa mekundu na waridi. Mwaka 2013 kazi hiyo iliwakilisha Ireland katika maonyesho ya Venice. Vilima vile vya waridi vimebishaniwa sana, na ninawaelewa wanaosema vita vya jirani zetu havikuhitaji kupambwa. Mimi nilipoviona nilijiuliza swali la namna nyingine: kwa nini filamu iliyotengenezwa kumtafuta mtu aliyejificha msituni ilielekezwa kwenye vita ambavyo dunia ilikuwa imekataa kuvitazama? Pale rangi ilikuwa na hoja. Mpwa wangu alisema basi na yeye atatafuta hoja yake, na tukaenda kulala.

Jumamosi, Soni

Tulirudi kwa njia ile ile, tukashuka Soni kwa ajili ya maporomoko. Maji ni somo zuri la infraredi na halihitaji maneno mengi: yakitulia huwa meusi, kwa kuwa hunyonya sehemu ya mwanga huo na mbingu inayojiakisi juu yake ni nyeusi pia, yakivunjika kuwa povu huwa meupe. Vichaka vya kingoni vilitoka vyeupe kama povu, na kazi yote ikawa ni kutafuta mahali pa kusimama ili povu na majani visichanganyike. Nilipata pembe moja tu iliyonifaa, chini ya daraja, nikaumaliza mkanda hapo. Jioni tulipanda basi Mombo.

Dar es Salaam, wiki iliyofuata

Nimesafisha filamu zote nyumbani kwa Rodinal, dawa ya kusafishia filamu, sehemu moja kwa hamsini za maji, nikiyapoza maji kwa barafu hadi nyuzi 20, kwani ya bomba hapa mwezi huu yanakaribia 30. Nilifanya chumba cha giza kiwe giza kweli, bila taa nyekundu.

Negativu za Irente ziko sawasawa kwa sehemu moja ya nane ya sekunde. Zile za robo zimejaa mno mbinguni. Za Mtae ni kinyume: picha za asubuhi, jua likiwa chini, zimehitaji robo nzima, na katika zile fupi mabonde ya Upare hayana kitu. Nimeyaandika hayo kwenye daftari kwa saa na kwa mahali, kwa sababu mita haitanikumbusha. Mikaratusi ya Shume imetulia katika negativu mbili, na moja kati ya hizo ndiyo nitakayoichapa kwanza, kwa karatasi ya daraja la tatu la utofauti wa weusi na weupe, nikiangalia kama misonobari inaweza kubaki na maelezo yake ya ndani bila mikaratusi kuungua.

Mpwa wangu ametuma faili zake ghafi. Ile ya mgomba wa mzee ameiacha nyeusi na nyeupe, na ameniomba tuichape mbili, moja ya kwake kwa ajili ya semina ya chuo na nyingine ya kupeleka Mtae pamoja na ile ya koti. Tutazipeleka mwezi wa Juni, baada ya masika, wakati uwanda wa chini utakuwa wa kijani na picha kutoka Irente itakuwa nyeupe hadi mwisho wa upeo.